Minyaa ya Milka

Ule ua aliupanda Milka kwa mikono yake, mwaka alioolewa kutoka Bonde la Lambwe akaletwa kwa kina Obuya, nusu saa kwa miguu kutoka soko la Oyugis. Mume wake alikata nguzo akajenga nyumba. Milka akaenda kuomba matawi ya minyaa kwa majirani, akayachomeka ardhini moja moja mpaka yakazunguka boma lote. Mnyaa hauna majani ya maana, ni vijiti vya kijani tu, na ukiukata unatoa maziwa meupe ambayo yakikuingia jichoni utalia siku mbili. Mbuzi hali mnyaa. Mwizi haupiti. Siku ya kuupanda maziwa yalimuunguza Milka kifundo cha mkono wa kushoto, yakaacha doa jeusi ambalo liko mpaka leo.

Mume alikufa, ua ukabaki. Joyline, mtoto wake wa pekee, alirudi nyumbani akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa Migori, akikaa na mwanaume anayeitwa Sammy, bila ng'ombe hata mmoja wa mahari kuletwa kwao. Alirudi na cherehani kichwani na jino moja la mbele halipo. Milka hakuuliza jino limeenda wapi. Alimpikia uji, akaondoa magunia ya mahindi chumba cha mbele, akamwambia, "Weka mashine yako hapo karibu na dirisha."

Kwa ile cherehani Joyline alishona sare za watoto wa shule tatu. Alishona majoho ya kwaya. Alishona joho la Pasta Wesley, lile jeusi lenye pindo jekundu, na pasta alipolivaa mara ya kwanza alizunguka mbele ya madhabahu kama bwana harusi. Aliezeka nyumba ya mama yake mabati mapya. Alifanya hayo yote kwa miaka mitano. Halafu mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, homa ya mapafu ilimwanza Jumapili, na Jumanne hakuwepo tena.

Milka hakulia. Watu walidhani ni mshtuko, wakamletea maji ya sukari. Haukuwa mshtuko, ilikuwa hasira. Alikuwa amekasirika kuanzia kwenye vidole vya miguu, na alijua vizuri kinachokuja, kwa sababu alikuwa amekiona kwenye maboma ya watu wengine na akanyamaza.

Kilikuja Jumatano. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai la matanga, na katikati yao alikaa Jaduong' Obuya, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Jaduong' ni neno la heshima kwa mzee, na Obuya alilivaa kama koti, hata wakati wa jua.

"Nyar Lambwe," alianza. Binti wa Lambwe. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kule alikotoka, hata akikaa miaka arobaini. "Tumeongea. Msichana mkubwa ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Wewe si mtoto, unajua. Tutamchimbia nje ya ua, upande wa mahindi. Ama tumpigie simu yule wa Migori, alete ng'ombe mmoja tu, amchukue akamzike kwake kama mke."

"Yule aliyemng'oa jino?"

"Mambo ya jino si ya leo."

"Ni ya leo. Jino halijarudi."

Mzee mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Akilala ndani, italeta chira," Obuya alisema, na hapo hakuna aliyecheka. Chira ni ile laana ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, ile inayomkausha mtu polepole kwa sababu kuna mwiko umevunjwa. "Wasichana wengine wa hapa hawataolewa. Ng'ombe wataharibu mimba."

"Jaduong', alipokuwa hai alilala ndani miaka mitano. Ng'ombe wako walizaa mpaka ukakosa pa kuwafunga. Sasa amekufa, hata mguu hawezi kuinua, ndiyo mnamwogopa?"

"Si sisi tulioanzisha mila hii."

"Kwenu mimi naitwa wa Lambwe. Nikienda Lambwe wananiita wa Obuya. Haya, huyu mtoto mnamwita wa wapi? Nitajieni tu mahali, nimpeleke."

Waliinuka, wakatafuta kofia zao, na Obuya akasema kaburi litachimbwa Ijumaa na mazishi ni Jumamosi.

Milka alisoma mpaka darasa la nne tu. Maandiko anayasoma kwa Kiluo, kidole kikiwa juu ya neno, na neno gumu analirudia mpaka likubali. Watu wanaosoma haraka huruka mambo. Yeye hakuwa na uwezo wa kuruka. Kwa hiyo miaka mingi iliyopita, akifuata kidole chake katika habari za wafalme, alimkuta Rispa, ambaye hajawahi kumsikia kwenye mahubiri hata siku moja. Rispa alikuwa suria wa mfalme aliyekufa. Wanawe wawili walitolewa wauawe ili nchi iondolewe njaa, na miili yao ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Watu wa dini walikubali na mfalme mpya alikubali. Rispa akachukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Tangu mavuno yaanze mpaka mvua iliponyesha alikuwa pale, mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama. Hakuhubiri. Hakuomba ruhusa. Mwishowe mfalme alisikia, akaona haya, akawazika.

Alhamisi asubuhi Milka alitoa gunia jikoni, akalitandika upande wa kushoto wa nyumba, karibu na dirisha la cherehani, mahali ambapo alitaka mtoto wake alale. Akakaa. Walipomletea chai, alikunywa pale pale. Walipomwambia ajifunike, alijifunika leso na hakuinuka.

"Min Joyline, utapata baridi," alisema Monicah, mke wa Obuya, akimwita mama wa Joyline kwa Kiluo. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, na binti yake Metrine naye alikuwa amerudi nyumbani mwaka uliopita na watoto wawili.

"Baridi initafute hapa. Nimeionyesha mahali."

Monicah alisimama kidogo, akitazama lile gunia, kisha akaenda kuosha sufuria.

Saa sita alifika Kultum kutoka sokoni. Kultum ana duka la vitambaa pale Oyugis, familia yake ilitoka Garissa zamani, na Joyline alikuwa mteja wake wa kila Jumatatu, wakibishana kuhusu rangi mpaka duka lote linasikiliza. Alikuwa amebeba kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri.

"Mama Joyline, pole. Hiki ni chake. Kile alichokuwa akikisifu na hanunui, anasema ni cha matajiri." Alitafuta kiti kwa macho, akaona gunia, akakunja buibui lake akakaa kwenye gunia.

"Utachafuka," Milka alisema.

"Nauza sabuni pia." Akamwekea Milka kitambaa mapajani. "Kwetu tungekuwa tumeshamzika jana."

"Mngemzika wapi?"

"Makaburini, na wengine. Hakuna anayeuliza kama uliolewa ama hukuolewa."

"Kwani kwenu hakuna wazee wajinga?"

"Ooh, wamejaa. Lakini hilo bado hawajalifikiria. Usiwaambie."

Milka akacheka. Kicheko kilitoka kama kitu kilichovunjika, na nyuma yake machozi yakafuata, ya kwanza tangu Jumanne. Kultum hakumwambia anyamaze. Alimshika kile kifundo chenye doa, wakakaa hivyo mpaka chai nyingine ikaja.

Kultum alipoondoka, Milka alianza kuimba. Wanawake wa huku huimba matanga kwa maneno ya kujitungia, na Milka alijulikana mpaka Kendu Bay kwa hilo. Watu walikuwa wanamfuata aje awaimbie wafu wao. Aliimba kwa Kiluo, na maneno yake yalikuwa hivi:

*Joyline, ulivalisha watoto wa watu,*
*mwenyewe ukakosa pa kulazwa.*
*Ulinunua mabati, mvua ikakosa mlango,*
*leo mvua inakungoja nje ya ua.*
*Mungu, nyumba ile unalala ndani ama nje?*
*Kama ni ndani, sogea. Mtoto wangu anaingia.*

Wanawake waliokuwa wakichambua mboga waliacha. Mmoja akasema kwa hofu, "Eh, Nyar Lambwe, Mungu haambiwi asogee."

"Kwa nini? Yeye ni mnene?"

Hakuwa anafanya mzaha. Tangu Jumanne alikuwa amewaza mambo mengi, na wazo moja lilikuwa limekaa wima kuliko mengine. Kama Mungu anaogopa kaburi la msichana, basi huyo si Mungu, huyo ni jirani tu mwenye roho mbaya. Na yule Mungu ambaye yeye alimjua, yule aliyemkuta kwa kidole neno kwa neno, hakuwa jirani wa namna hiyo. Aliketi na wanawake waliofukuzwa. Aligusa watu walioambiwa wasiguswe. Sasa ni nani huyu mwingine ambaye Obuya anamtetea, na kwa nini kila Jumapili anaimbiwa kwenye jengo lile lile?

Ijumaa gari lilileta mwili kutoka mochari, sanduku likawekwa sebuleni, juu ya meza ya kukatia nguo. Milka alirudi kwenye gunia lake. Ilikuwa kama saa tisa, jua la baada ya mvua, alipolisikia. Jembe. Kisha sururu. Halikuwa karibu naye. Lilikuwa nyuma ya ua, upande wa mahindi, vijana wanne wakichimba na kupokezana, wakiongea taratibu kwa aibu.

Hapo ndipo alipoelewa. Hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kumwinua pale. Walimwacha akae, wakamletea chai, wakamsifu kwa uvumilivu, na huku wanachimba kwingine. Rispa alikuwa na miili ya wanawe. Yeye alikuwa amekalia udongo mtupu ambao hakuna mtu aliyeutaka.

Wakati huo huo Pasta Wesley akaingia boma, joho jeusi mkononi kwa ajili ya sala ya jioni, akalivaa akitembea. Kwa miezi mitatu mfululizo pasta huyu alikuwa amehubiri juu ya mila za giza. Aliwafanya wanawake wachome hirizi. Alimsifu Milka mbele ya kanisa zima kwa sababu mume alipokufa alikataa kurithiwa na shemeji. Lakini kanisa lake limesimama kwenye kiwanja alichokitoa Obuya, na tangu Jumanne pasta alikuwa hajatamka neno giza hata mara moja.

Alichuchumaa mbele ya gunia. "Mama Milka. Pole sana. Wazee wameniomba niongee na wewe."

"Ongea."

"Mahali si kitu, mama. Roho haina ua. Udongo ni udongo."

"Kama udongo ni udongo, waambie wachimbe huu."

Pasta alipangusa uso. "Tusilete vita kwenye matanga. Na nikutie moyo na Neno. Hata Bwana wetu Yesu aliteswa nje ya lango la mji. Umeona? Binti yako yuko kwenye kundi zuri. Nje ya lango, pamoja na Bwana."

Milka alimtazama. Wanawake waliokuwa karibu wanasema uso wake ulitulia kabisa, na kwamba hapo ndipo walipoogopa.

"Pasta, ni nani waliomtoa nje ya lango?"

"Mama?"

"Nauliza tu. Yesu hakutoka matembezi. Kuna watu walimtoa. Walikuwa nani? Walevi? Wezi?"

Pasta alitazama kule walikokaa wazee.

"Walikuwa watu wa dini na wazee wa mji. Walikuwa wamevaa vizuri. Na wewe umekuja na hilo andiko, umesimama upande wa wale waliomtoa, unaniambia nifurahi kwa sababu mtoto wangu ametolewa kama yeye." Sauti yake haikupanda. "Hilo joho nani alilishona?"

"Mama Milka, tafadhali."

"Geuza pindo la mkono wa kulia. Ligeuze. Utaona nyuzi mbili, nyeusi na kahawia. Nyeusi ilikwisha Jumamosi jioni, wewe unalitaka Jumapili, akamalizia na kahawia kwa ndani ili usione haya. Mtu aliyekusitiri mpaka ndani ya pindo, wewe umeshindwa kumsitiri mita ishirini tu, kutoka mahindini mpaka hapa."

Pasta Wesley alishika pindo lake bila kukusudia. Hakuligeuza. Aliinuka, akasema ataongea na Jaduong', akaenda kukaa chini ya turubai, na hakuongea na mtu.

Milka naye aliinuka. Magoti yalilia. Alikunja gunia, akaingia jikoni, akatoka na panga.

"Yesu Maria," alisema mwanamke mmoja, akavuta watoto.

Milka hakuelekea kwa watu. Alienda moja kwa moja kwenye ua, mahali ulipopita karibu na lile shimo, akainua panga akakata mnyaa wa kwanza. Maziwa meupe yakaruka. Akakata wa pili. Wale vijana waliacha kuchimba, wakamwona akitokea kwao kwenye pengo, matawi yamejaa kwapani.

"Endeleeni," aliwaambia. "Chimbeni vizuri, kuta zisimame. Hapo hapo mnapochimba."

"Mama, unafanya nini?" kijana mmoja aliuliza.

"Nahamisha ua wangu. Niliupanda mimi, sikupewa na mtu. Jaduong' alisema kaburi liwe mahali hapo. Nimetii. Hakusema ua uwe wapi."

Alipita upande wa pili wa shimo, kwenye mistari ya kwanza ya mahindi, mahindi yake mwenyewe, akachomeka tawi la kwanza ardhini. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, tawi likaingia kama kidole kwenye ugali. Akachomeka la pili. Alirudi kukata, na alipogeuka alimkuta Monicah amesimama kwenye pengo, panga mkononi, amejifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi ili maziwa yasimwingie.

"Nianzie wapi?" Monicah aliuliza.

"Mume wako atasema nini?"

"Atasema. Kusema anajua." Alikata mnyaa kwa pigo moja. "Metrine yuko nyumbani kwangu, Nyar Lambwe. Unafikiri mimi silali macho wazi?"

Baada yao alikuja mwanamke wa kwaya, kisha wawili, kisha wale waliokuwa wanachambua mboga. Walifanya kazi bila kuimba. Mmoja alilia kwa sababu ya maziwa ya mnyaa, mwingine alilia tu. Jua lilipokaribia kuzama, ua wa Milka ulikuwa umetoka mahali pake pa miaka arobaini, ukapiga tumbo kuelekea kwenye mahindi, ukalizunguka shimo, ukarudi kwenye mstari wake. Matawi yalikuwa mafupi, yamepinda, yanafika kiunoni tu. Lakini ulikuwa ua.

Obuya alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, akautazama kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine.

"Huu ni upuuzi gani?"

"Ni ua, Jaduong'. Karibu ndani."

"Ng'oeni hivi vijiti!" aliwaambia vijana. Vijana wakatazama viatu vyao.

"Ng'oa wewe," Milka alisema. "Uwe wa kwanza kubomoa boma la ndugu yako wakati maiti ya mtoto wake iko sebuleni. Ukimaliza utuambie hiyo mila inaitwaje, na sisi tuijue."

Obuya alinyoosha mkono, akashika tawi moja. Maziwa yalikuwa bado yanatoka pale lilipokatwa, yakamshika vidole. Alimtazama mke wake, aliyesimama kando ya Milka, kope zimevimba, mikono imejaa madoa mapya. Aliachilia tawi. Akapangusa vidole kwenye koti lake, akaenda kuketi mbele kabisa, kwenye kiti cha wazee, uso wake umefungwa.

Sanduku lilibebwa kutoka sebuleni, likapita karibu na dirisha la cherehani, likavuka uwanja. Halikutoka nje ya boma hata hatua moja. Ndani yake Joyline alikuwa amefungwa kitambaa cheupe cha Kultum. Pasta Wesley alisoma na kuomba, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hakutaja lango lolote. Alikuwa amekunja mikono ya joho lake juu, mkono wa kulia zaidi ya wa kushoto.

Milka alitupa udongo wake na hakusema asante kwa mtu yeyote. Watu walidhani sasa hasira itamtoka, kwa kuwa alipata alichotaka. Haikumtoka. Alichotaka hakikuwa kupata kaburi kwa ujanja, kama mtu anayeiba kuku wake mwenyewe. Alitaka waone haya bila kufukuzwa kwa panga. Mfalme wa Rispa aliona haya. Wa kwake alipangusa vidole kwenye koti.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kufagia kanisa kama ilivyokuwa desturi yake. Wala ile iliyofuata. Siku za Jumapili anachukua kiti chake mpaka kwenye kaburi, anafungua Maandiko, anaweka kidole juu ya neno. Monicah huja na Metrine na watoto. Kultum alikuja mara moja, siku ya kufunga duka, akasema yeye hakuja kusali, amekuja kusikiliza tu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akabishana na Milka kuhusu Ayubu mpaka chai ikapoa.

Matawi yameshika. Mnyaa haukatai udongo. Vichipukizi vilitokea mwezi wa sita, na sasa ule upande uliopiga tumbo umefika kifuani.

Njia ya mkato ya kwenda kwenye kinu cha posho ilikuwa inapita pale, kati ya ua wa zamani na mahindi, na aliyekuwa akiitumia zaidi ni Jaduong' Obuya. Sasa njia imeingia ndani ya boma na kufia kwenye kaburi. Kila asubuhi Obuya analazimika kuzunguka shamba lote, kupitia kwenye umande, suruali imelowa mpaka magotini. Milka anakuwa mlangoni, na anamwona. Zamani alikuwa wa kwanza kumwamkia.

Siku hizi anamtazama tu akizunguka.